Shomoro Tu

Asubuhi moja tulikuwa tukipita katika Mtaa wa Swahili, huko Kariakoo, na mtoto mmoja wa jirani akatukimbilia, viganja vyake ameviunganisha kama mtu achotaye maji. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu, umechukua nini?" Akafunua viganja. Ndani yake alilala ndege mdogo, amekufa, bado ana joto, na shingo imelegea. Alikuwa amemwokota chini ya upenu wa duka la mchele. Akatuuliza, "Huyu ni ndege gani?"

Tulikuwa na haraka, nasi tukamjibu bila kusimama, "Shomoro tu."

Mtoto alimtazama ndege wake, kisha akatutazama sisi. Akasema, "Mwalimu, kwa nini unasema tu?"

Hapo tulisimama. Tangu siku ile neno hilo limetusumbua, nasi twaona vema kuwashirikisha wasomaji wetu usumbufu huo, hasa ninyi walimu ambao kazi yenu kila siku ni kuwapa watoto majina ya vitu. Swali letu ni hili: Je, tunadaiwa kuwatambua viumbe wadogo sawasawa, kila mmoja kwa jina lake? Au hiyo ni shughuli ya wataalamu wenye nafasi, wala haimhusu mtu apigwaye na jua akitafuta riziki yake?

Tulimchukua yule ndege, tukaketi barazani pamoja na mtoto, tukamtazama. Ni aibu kusema, lakini tumeishi na shomoro miaka mingi, tumefagia majani makavu yaliyodondoka katika viota vyao, tumewafukuza katika nafaka zetu, wala hatukuwa tumemtazama hata mmoja tangu mdomo hata mkia. Urefu wake ulikuwa sentimita 15 hivi. Utosi ulikuwa wa kijivu. Toka nyuma ya jicho hata kisogoni palikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, kama udongo mwekundu uliolowa. Mashavu yalikuwa meupe. Na kooni hata kifuani palikuwa na baka jeusi, kana kwamba amefungwa kitambaa. Mgongo ulikuwa na michirizi ya kahawia na nyeusi, na kila bawa lilikuwa na mstari mweupe. Mdomo wake ulikuwa mfupi, mnene, mweusi, mdomo wa kuvunjia mbegu.

Alama hizo ndizo za dume wa shomoro wa nyumbani. Jike wake hana baka wala kisogo chekundu. Ni wa kahawia hafifu mwili mzima, na juu ya jicho ana mstari uliopauka, wala mtu asiyeambiwa hatadhani kwamba hao wawili ni mke na mume. Hata dume mwenyewe habaki vile vile mwaka mzima. Akiisha kubadili manyoya, ncha za manyoya mapya ya kooni huwa zimepauka, na weusi wa baka hufichwa chini yake. Halafu, kwa kusuguliwa siku baada ya siku, ncha hizo hulika, na baka hutokea tena wakati wa kuzaa ukikaribia. Haoti manyoya ya arusi. Nguo yake ya kazi ikichakaa, ndipo uzuri wake huonekana. Twakiri kwamba habari hii ilitufurahisha mno, nasi tulimweleza mtoto mara mbili.

Tukaanza kutafuta katika vitabu. Aliyemwandika ndege huyu katika orodha ya elimu tunayoitumia hata leo alikuwa Carl Linnaeus, mtu wa Sweden, mwaka 1758, naye alimtia katika ukoo mmoja na chiriku. Miaka 2 baadaye Mfaransa Brisson akamtenga, akamwekea ukoo wake mwenyewe, akauita Passer, ambalo ndilo neno la Kilatini la shomoro. Mwaka 1927 Mrusi Sushkin, alipoilinganisha mifupa, akaona kwamba shomoro ni ndugu wa mnana, wale wasukao viota vya kuning'inia. Na kwa muda mrefu vitabu vingi viliwaweka katika nyumba moja. Kisha wengine wakachunguza ulimi wa shomoro, wakakuta humo kifupa ambacho mnana hana, kimsaidiacho kuikaza mbegu anapoimenya. Siku hizi, kwa kuchunguza chembe za urithi, wataalamu wamekubaliana kwamba shomoro wana nyumba yao wenyewe. Wakati wote huo alipokuwa akihamishwa nyumba hata nyumba, yeye alikuwa akiokota chenga zake, wala hakujua.

Jambo jingine litawashangaza wengi. Wataalamu humhesabu shomoro katika kundi kubwa la ndege waimbao, ingawa wimbo wake ni kulia chirip, chirip, juu ya bati. Na katika kundi hilo hilo wamemtia kunguru! Kila aliyeamshwa na kunguru wa Dar es Salaam alfajiri atauliza ni wimbo gani huo. Lakini wataalamu hawakuuliza kama sauti ni tamu. Waliuliza chombo cha sauti kimeundwaje, pale chini ambapo njia ya pumzi hugawanyika kuelekea mapafu, na misuli yake imepangwaje. Kwa swali hilo kunguru ni mwimbaji, na njiwa, aliaye kwa upole juu ya paa, hamo katika waimbaji.

Tusicheke upesi. Torati humtaja popo mwishoni mwa orodha ya ndege, maana pale palikuwa na swali la viumbe warukao, ni yupi aliwaye na ni yupi asiyeliwa. Mwalimu wa shule humweka popo pamoja na wanyama, kwa sababu ameuliza ni nani anyonyeshaye watoto wake. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Kila mpango wa viumbe ni jibu la swali fulani, na mtu asiyelijua swali atalidharau jibu bure.

Sasa tufike palipotutatiza zaidi. Shomoro mwenye baka jeusi si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni Ulaya na Asia na pande za kaskazini ya Afrika; pwani yetu alifika pamoja na watu na vyombo vyao, naye hukaa penye watu, maana chakula chake na mahali pake pa kuzalia hutokana na nyumba na maghala yetu. Shomoro mwenyeji yuko mwingine. Huyo kichwa chake chote ni cha kijivu kama majivu, hana baka, hana mashavu meupe, na mgongo wake hauna michirizi. Tena dume na jike wamefanana. Shomoro hao wa kichwa cha kijivu wameenea sehemu kubwa ya Afrika, nao hutofautiana kidogo kidogo toka nchi hata nchi. Mahali pengine mdomo ni mnene zaidi, pengine mgongo ni mwekundu zaidi, pengine koo ni jeupe zaidi. Wataalamu wamewapa majina 5, la kwanza mwaka 1817 na la mwisho mwaka 1904. Wako wasemao kwamba hao ni aina 5 mbalimbali. Wako wasemao kwamba ni aina moja yenye nguo 5, kwa kuwa mahali pengine wanapokutana huchanganyika. Mabishano hayo hayajaisha.

Aliyetoa jina la mwaka 1904 alikuwa Anton Reichenow, mtunzaji wa ndege katika jumba la makumbusho la Berlin, wakati nchi hii ilipotawaliwa na Wajerumani. Alimwita Passer suahelicus, yaani shomoro wa Uswahilini. Msomaji akilisikia jina hilo atadhani kwamba ndiye ndege wa pwani, alaye makombo ya mikate ya mofa na kulala katika makuti. Walakini shomoro huyo ni wa mbuga, na makao yake ni kusini ya Kenya na sehemu nyingi za bara katika Tanzania. Basi tazameni: ndege mwenye jina la Waswahili hukaa bara, na yule aliyekufa katika Mtaa wa Swahili wazee wake walitoka ng'ambo.

Wala tusimcheke Reichenow peke yake. Kariakoo ina Mtaa wa Nyamwezi, na Mtaa wa Sukuma, na Mtaa wa Kongo. Nenda ukabishe hodi mlango hata mlango katika Mtaa wa Nyamwezi, uone utawakuta Wanyamwezi wangapi. Atakufungulia Mzaramo, na jirani yake Mkinga mwenye duka, na ghorofani Mpare aliyezaliwa Ilala ambaye Upare huenda mara moja kwa mwaka. Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, na tangu siku ile umejengwa na watu waliotoka mahali pengine. Nani hapa atamwambia shomoro, "Wewe ni mgeni"?

Tulikuwa tukiyasema hayo barazani, naye rafiki yetu muuza mchele, mwenye duka lile ambalo ndege alianguka chini ya upenu wake, alikuwa akisikiliza huku akipepeta. Mwisho akatuambia, "Mwalimu, mimi namjua shomoro kuliko hao wote wa Berlin. Ni yule alaye mchele wangu. Nikiisha kujua kwamba babu yake alitoka Bara Hindi, bei ya gunia itapungua?"

Neno lake lina uzito, wala hatupendi wale wanaolijibu kwa dharau. Mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kuhesabu mifupa ya ulimi wa ndege. Tena ni kweli kwamba jina lake la shomoro, "mla mchele wangu," si la uongo. Ni jina lililotokana na kutazama, labda kutazama kwa muda mrefu kuliko kwetu.

Lakini tulimsimulia habari za China. Mwaka 1958 serikali ya nchi ile ilitangaza vita juu ya wadhuru 4: panya, inzi, mbu na shomoro. Shomoro wao ni ndugu wa huyu wetu, yule aitwaye shomoro wa mitini. Walipouliza ni ndege gani, walijibu kama rafiki yetu, "Mla nafaka," nao walisema kweli. Watu wakatoka mijini na vijijini, wakapiga masufuria na ngoma mchana kutwa ili ndege wasipate kutua, hata wakaanguka kwa kuchoka. Viota vikabomolewa na mayai yakavunjwa. Lakini shomoro alaye nafaka huwalisha makinda yake wadudu. Wataalamu waliopasua matumbo ya ndege hao waliyaona hayo, wakasema. Wadudu wakaongezeka mashambani, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa katika orodha, na kunguni akawekwa mahali pake. Njaa kubwa ilikuwa imekwisha kuingia. Sababu zake zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini kuuawa kwa ndege hakukuipunguza.

Kwetu nako, kwelea wanaposhuka katika mashamba ya mpunga na mtama kwa makundi yasiyohesabika, ndege za kunyunyizia hupeleka sumu mahali wanapolala. Hatuwezi kumlaumu mkulima ambaye shamba lake laweza kuliwa kwa siku chache. Ila sumu haiulizi majina, na ndege wengine waliolala katika miti ile ile hufa pamoja nao. Jike wa kwelea na jike wa shomoro, mtu akisimama mbali, ni vitu viwili vidogo vya kahawia.

Rafiki yetu akauliza, "Basi nifanyeje? Niwakaribishe?" Tukamjibu kwamba hapana, afunike mchele wake. Akacheka, akaendelea kupepeta.

Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Bwana wetu naye alitaja ndege hawa katika habari za sokoni. Katika Mathayo bei yao ni wawili kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka ni watano kwa sarafu mbili. Mtu wa Kariakoo ataielewa hesabu hiyo upesi kuliko wafafanuzi wengi: yule wa tano ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi juu ya haki yake ili arudi kesho. Hana bei hata kidogo. Huyo ndiye shomoro tu kwa maana kamili ya neno. Nasi twaambiwa kwamba yeye naye hakusahauliwa. Neno la Kiyunani lililotumika pale laweza kumtaja hata ndege mdogo mwingine, na watafsiri walilazimika kuchagua. Walipochagua shomoro, ambaye wengine humwita jurawa, twaona walichagua vema, maana ni ndege wa sokoni hasa. Lakini angalieni kwamba pale hapasemwi habari ya kumjua ndege jina lake. Yasemwa habari ya kumjua aangukapo. Kwa kipimo hicho, asubuhi ile aliyemjua shomoro alikuwa mtoto. Sisi tulikuwa na jina lake, nalo lilitusaidia kupita.

Tumelifikiri jambo hili zaidi kwa sababu ya mahali lilipotokea. Mji huu ulipotekwa na Waingereza, mwezi wa Septemba mwaka 1916, sehemu hii ikawa kambi ya jeshi la wapagazi, ambalo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, kwa homa na kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Mzee aliyebeba sanduku la risasi toka pwani hata Rufiji alikuwa na jina, na mama yake alimwita kwa jina hilo. Katika daftari alikuwa mmoja katika jumla. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanayowakumbuka askari na wapagazi na kuahidi kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Tulikwenda tukaizunguka polepole, tukasoma pande zote. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Karani aliyeandika "wapagazi 40" hakusema uongo, wala sisi hatukusema uongo tuliposema shomoro. Wapagazi walikuwa 40, na ndege alikuwa shomoro. Dhambi, kama twaweza kuitumia kauli hiyo kwa neno dogo hivi, ilikuwa katika lile tu, ambalo lilifunga macho yetu kabla hayajafunguka.

Mtu aweza kutugeuzia maneno haya, naye atakuwa na haki. Atasema, "Ninyi mwasifu kupanga na kutenganisha. Je, hamkumbuki kwamba watu pia walipangwa?" Twakumbuka. Wakati wa wageni waliotawala, mji huu ulikatwa sehemu 3: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye maduka, na huku kwetu Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kutenganisha. Mtu alitazamwa rangi ya ngozi yake, na kwa alama hiyo akaonyeshwa mahali pa kukaa na namna ya nyumba ya kujenga. Wakati ule ule ngozi kavu za ndege zilikuwa zikipelekwa Ulaya ndani ya masanduku, kila moja na kikaratasi mguuni. Ndiyo maana wako ndugu wasemao kwamba heri tusipange kitu. Viumbe wote ni wa Muumba mmoja, yatosha.

Sisi hatuoni hivyo, nasi tutajaribu kusema kwa nini. Yule aliyempanga shomoro pamoja na mnana aliweza kukatazwa na shomoro mwenyewe. Kifupa cha ulimini kilisema hapana, na vitabu vikaandikwa upya, ingawa waliovitunga walikuwa watu wenye sifa kubwa. Aliyeukata mji sehemu 3 hakuwapa wale aliowakata nafasi ya kusema hapana. Hakuna alichoweza kukiona kwa fundi hodari wa Kariakoo, wala kwa mzee mwenye hekima, wala kwa mwanamke aliyelea yatima saba, ambacho kingemfanya aseme, "Nimekosea, nirudishe mstari." Kazi hizo mbili kwa mbali zafanana, kama kwelea na shomoro. Moja yatazama ili ijue. Ya pili imekwisha jua, nayo hutazama ili ipate alama ya kutumia.

Tena jina la kweli si hukumu. Tumekwisha sema kwamba shomoro wa nyumbani ni mgeni. Kunguru wa Bara Hindi naye ni mgeni. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akavuka maji, naye amejaa katika Dar es Salaam. Kunguru huyo hula mayai na makinda, na shore na chozi katika miarobaini ya mji huu wanamjua kwa uchungu. Lazima tuliseme jambo hilo wazi, wala watu wanaotafuta njia ya kumpunguza si wakatili. Lakini ubaya wa kunguru tumeujua kwa kumtazama alichofanya penye viota, wala hatukuupata katika neno mgeni. Tukimhukumu shomoro kwa neno lile lile tutakuwa tumerudi pale tulipoanza, tumebadili tu moja kwa nyingine. Wahenga walisema, apendaye, chongo huita kengeza. Achukiaye naye ana majina yake, wala hayo hayatokani na macho.

Je, basi, tunadaiwa kuwatambua wadogo sawasawa? Twadhani tunadaiwa, kwa kadiri ya nafasi ya kila mtu. Na deni hilo si kwanza deni la jina. Mkulima asiyejua Kilatini aweza kulilipa, na mtu aliyejaza vitabu aweza kufa nalo. Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kusimama kwa kila ndege aokotwaye. Hata hivyo aweza kusema, "Sijui, tumtazame," maneno ambayo sisi, kwa miaka mingi ya kufundisha, tumeyasema mara chache kuliko ilivyotupasa.

Majuma matatu baadaye mtoto yule alirudi tena, viganja ameviunganisha. Safari hii ndege alikuwa hai. Moyo wake ulikuwa ukipiga hata vidole vya mtoto vikatikisika. Tuliketi barazani, tukatazama. Baka halikuwapo. Kisogo hakikuwa chekundu. Juu ya jicho palikuwa na mstari uliopauka, na pembeni mwa mdomo ngozi ilikuwa bado ya manjano na laini.

Mtoto akasema, "Jike."

Tukamwambia, "Labda. Lakini makinda wote hufanana na mama yao. Yawezekana ni dume ambaye hajapata alama."

"Tutajuaje?"

"Leo hatutajua."

Hakupendezwa na jibu hilo, lakini alilikubali. Juu ya upenu alikuwako shomoro mwingine akilia na kurukaruka. Rafiki yetu muuza mchele alileta kigoda bila kuombwa, mtoto akapanda, akamweka kinda juu ya boriti, akashuka. Tukarudi nyuma hatua kadhaa, tukangoja. Yule mkubwa akaruka, akapotelea nyuma ya paa, na kwa muda hatukuona kitu. Kisha akarudi, akatua karibu na kinda, na mdomoni alikuwa ameshika kitu cha kijani kilichokuwa kikijinyonganyonga.

Muuza mchele aliinua ungo ili kukinga jua, akakaza macho.

"Ule si mchele," akasema.